Land Rover 109 ya mjomba: spana za inchi, spana za milimita



Mambo ya huku Iringa yanakwenda, baridi iko palepale na sisi wa Mkwawa tunapambana na semina. Leo naomba mnivumilie, nakuja na historia. Wale wa sayansi mnaodhani watu wa historia kazi yetu ni kukariri Mkutano wa Berlin kuanzia asubuhi mpaka usiku, safari hii mtafurahi, maana kuna springi, difu, giaboksi na oili chafu. Kaeni mkao wa kula.

Kwenye semina tulikuwa tunajadili vyanzo vya historia: maandishi, simulizi, akiolojia na kadhalika. Tukapewa kazi ya kuchagua kitu kimoja kinachoshikika, kitu cha nyumbani kabisa, halafu ukisome kama unavyosoma faili la nyaraka. Wenzangu wakachagua vyungu na majembe ya zamani, mmoja akachagua redio ya babu yake. Mimi nikachagua Land Rover 109 ya mjomba wangu wa Mbeya. Darasa lilicheka sana, na mimi nikacheka nao. Lakini nilijua nilichokuwa nakifanya, kwa sababu likizo zangu nyingi nimezimaliza chini ya lile gari nikimshikia mjomba tochi.

Hoja yangu ni hii. Siku hizi kuna vijana Mbeya na Iringa wanaopenda kurekebisha magari ya porini kwa starehe tu. Wanainua gari, wanafunga mkonga, wanaweka winchi mbele, halafu Jumamosi wanakwenda kutafuta matope. Ukiwaangalia unaweza kudhani ni mchezo ulioletwa na intaneti. Hapana jamani. Huku Nyanda za Juu Kusini kubadilisha gari kulianza kwa shida: shida ya barabara kwanza, halafu shida ya spea. Starehe ilikuja mwishoni. Na kila shida iliacha alama yake kwenye chuma, kiasi kwamba ukifungua boneti ya gari la zamani unaweza kuzisoma moja baada ya nyingine.

Turudi nyuma kidogo.

Mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari alianzia hapahapa kwetu. Aliitwa Paul Graetz, ofisa wa jeshi la Wajerumani. Aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, Maji Maji ndiyo kwanza imezimwa, akafika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu miezi 21. Gari lake lilitoka kiwanda cha Gaggenau, Ujerumani, na lilijengwa maalumu kwa safari ile, limeinuliwa juu kuliko magari ya kawaida ili tumbo lisikwame. Kwa hiyo gari la kwanza kuvuka bara hili lilikuwa tayari gari "lililofanyiwa mambo", kama wanavyosema vijana wa gereji. Hata hivyo muda mwingi aliumaliza kwa kusubiri petroli na kusubiri vipuri kutoka Ulaya. Somo la kwanza hilo, tuliweke kiporo: ukitoka nje ya barabara, gari ni nusu tu ya safari. Nusu ya pili ni spea na fundi.

Graetz hakupita huku kwetu. Huku magari yalifuata hela. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya. Anayeifahamu njia ya kutoka Mbeya kwenda Chunya anajua kwamba unapanda mlima mpaka masikio yanaziba, halafu unateremka upande wa pili kama unaingia shimoni. Leo pana lami. Enzi zile palikuwa na udongo, mawe na Mungu. Ukiongeza mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe na misheni zilizokaa kwenye vilele vya milima, unapata nchi ambayo gari la mjini haliwezi kudumu mwaka mmoja.

Halafu ikaja Land Rover. Na hapa kuna jambo nililifurahia sana nilipokuwa nasoma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mhandisi wa kampuni ya Rover anayeitwa Maurice Wilks alikuwa na shamba kwenye kisiwa cha Anglesey, Wales. Shambani alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Akaona kwa nini sisi Waingereza tusitengeneze ya kwetu? Gari la kwanza la majaribio, mwaka 1947, lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa rasmi kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam. Mnaona ilivyo? Land Rover yenyewe ilizaliwa ikiwa gari la mwingine lililobadilishwa. Sasa mtu akija kuniambia kwamba kuchanganya vyuma vya kampuni mbili ni kuharibu gari, mimi namwelekeza Anglesey.

Shida iliiumba pia bodi yake. Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Mashine kubwa za kukandamiza bati hazikuwepo, ndiyo maana bodi ina kuta nyoofu kama kabati. Chasisi nayo ilitengenezwa kwa kuchomelea vipande vya bati nene mpaka vikawa boksi refu. Matokeo yake, bila mtu yeyote kupanga, likatoka gari ambalo fundi wa Mwanjelwa anaweza kulirudisha barabarani. Mlango umebonyea? Unanyooshwa kwa nyundo na kigogo. Chasisi imeoza? Unakata kipande, unachomelea kingine. Bodi ya aluminiamu haili kutu kama bati, ingawa mjomba atakuonyesha kwamba pale aluminiamu inapogusana na chuma kuna unga mweupe unaoitafuna taratibu. Kila likizo tunapiga brashi sehemu zile na kuzipaka rangi.

Sasa tuje kwenye barabara yetu kubwa, hii inayopita chini ya mji wa Iringa, ambayo wengi wetu tumeijua kwa kulala kwenye basi. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kule Rhodesia. Zambia ikajikuta pabaya, maana njia zake za kwenda baharini zilipita kusini. Shaba itoke vipi? Mafuta yaingie vipi? Jibu likawa Dar es Salaam, na kati ya Dar na Tunduma kulikuwa na barabara ya udongo. Malori yakaanza kumiminika, ya mafuta yakipanda na ya shaba yakishuka. Madereva wa Kizungu waliipa jina ambalo kwa Kiswahili ni sawa na kusema njia ya jehanamu. Mvua za kwetu zinaanza Novemba mpaka Aprili, na kwa miezi hiyo malori yalizama, yaliteleza na kuporomoka mabondeni.

Bomba la mafuta la TAZAMA likafika Ndola mwaka 1968. Lami ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wamarekani na Benki ya Dunia wakiwa miongoni mwa waliotoa fedha. Wachina nao wakajenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Vitabu vyetu vinaishia hapo: ukombozi wa kusini mwa Afrika, urafiki na China, mtihani umekwisha. Kitu ambacho vitabu havisemi ni kwamba njia ile ilikuwa pia chuo cha ufundi kisicho na cheti. Gari likifa Chimala usiku na bosi yuko Dar, dereva na utingo wake ndio wahandisi. Mjomba alianza kama utingo wa lori mwishoni mwa miaka ya 70. Anasema mafundi wengi wa rika lake aliowafahamu, kuanzia Mafinga mpaka Uyole, ni utingo waliohitimu.

Na alihitimu wakati mbaya kweli. Fuatilieni miaka: 1973 bei ya mafuta inapanda duniani. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika na mpaka na Kenya unafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. 1978 Idi Amin anavamia Kagera, tunaingia vitani. 1979 mafuta yanapanda tena. Fedha za kigeni hakuna. Ikafika mahali Jumapili ikishafika saa nane mchana gari binafsi haliruhusiwi kuonekana barabarani, ili kubana matumizi ya mafuta. Waulizeni wazazi wenu, watawaambia. Kiwanda kimojawapo kilichokuwa kinaunganisha Land Rover kilikuwa Thika, Kenya, ng'ambo ya ule mpaka uliofungwa. Kwa hiyo una nchi nzima ya Land Rover, za mashirika ya umma, za wilaya, za misheni, za hospitali, na spea hakuna.

Basi bwana, hapo ndipo ubunifu ulipoanza. Mjomba anasimulia, nami nimeshika daftari. Bushi za springi zilichongwa kutoka kwenye tairi bovu la lori, zile nyuzi za ndani zikisaidia mpira usipasuke mapema. Gasketi za pembeni, zile zisizobeba moto mkubwa, zilikatwa kwenye maboksi magumu na kupakwa grisi. Jani la springi likivunjika lilikopwa kutoka kwenye gari jingine, likakatwa na kutobolewa upya. Kuna waliojaza oili ya injini kwenye mfumo wa breki baada ya kukosa mafuta ya breki. Hao mjomba anawataja kwa masikitiko, maana oili ile huvimbisha raba za breki, zinanasa au zinavuja, na milima yetu haina huruma. Si kila ubunifu ni wa kusifiwa. Historia ya kusifia kila kitu tuwaachie watu wa kampeni.

Hesabu ikaanza kubadilika mwaka 1984, bajeti iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa sana wamezipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na mitumba ya kila aina ikaingia: nguo, redio, mwishowe magari na injini kutoka Japani. Huku nyuma mashirika ya umma yakaanza kufa au kuuzwa, na magari yake yenye namba za SU yakapigwa mnada. Baadaye yakafuata ya miradi ya wafadhili. Hapa Iringa kwa mfano kulikuwa na mradi wa mazingira wa HIMA, uliofadhiliwa na Denmark, miaka ya 1990. Mradi ukiisha, magari hayarudi Ulaya. Yanabaki, na mwananchi kwa mara ya kwanza anaweza kumiliki gari la porini bila kuwa ofisa wa chochote.

109 ya mjomba ni mtoto wa mnada huo. Ni Series III, ile aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1971, ikiwa na injini ya petroli ya lita 2.25. Alilinunua mwaka 1994 likiwa limekaa juu ya mawe, injini imekufa, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Mke wake hakumsemesha siku mbili. Mwaka 1996 akaenda Dar, Gerezani, akarudi na injini ya dizeli ya Toyota, aina ya 3L.

Kwa nini 3L na si injini nyingine? Hapa ndipo unaona akili ya fundi wa kwetu. Hakuuliza ipi ina nguvu zaidi. Aliuliza ipi nitapata spea zake Makambako saa kumi na moja jioni. 3L ndiyo iliyokuwa kwenye Hiace na Hilux, na mji wenye Hiace una pistoni, una ringi, una nozo. Kumbukeni somo la Graetz tulilolila kiporo. Miaka 89 baadaye mjomba alikuwa analijibu swali lilelile.

Kuifunga ndiyo kazi. Injini ya Mjapani na giaboksi ya Mwingereza hazijuani, matundu ya boliti hayalingani. Inabidi uchonge sahani ya chuma ya kukaa katikati, upande mmoja ina matundu ya Toyota, upande mwingine ya Land Rover. Fundi wa kukereza aliichonga kwenye mashine, pamoja na bushi ya shaba ya kushika ncha ya shafti ya giaboksi. Katikati ya sahani pakikosea hata unywele, shafti inazunguka upogo, klachi inatetemeka na beringi inakufa mapema. Halafu kuna suala la breki. Injini ya petroli inavuta hewa kwa namna inayoweza kuendesha kile kisaidizi cha breki, dizeli haifanyi hivyo. Lakini 3L ina pampu ndogo ya kuvuta hewa nyuma ya alteneta. Ukinunua injini bila alteneta yake, ukafunga nyingine yoyote, umeteremka Kitonga ukitegemea misuli ya mguu na sala.

Kuna jambo jingine la kwetu tu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na taboo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Maji nayo yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Ndiyo maana mjomba ana ugomvi wa kudumu na mifuniko ya radieta. Mfuniko ukilegea hauhifadhi presha, maji yanachemka mapema, na kwenye mlima ndipo unapoijua gharama ya kitu cha bei ya soda mbili. Ukisoma ushauri wa mtu anayekaa usawa wa bahari ukauleta Uyole bila kuufikiria, utaumia.

Sasa lile la spana. Boliti za Land Rover ile ni za inchi: 7/16, 1/2, 9/16. Za Toyota ni za milimita: 10, 12, 14, 17. Kwa hiyo sanduku la mjomba lina seti mbili. Ukiwa unakaza springi au difu unatumia za inchi. Ukifungua boneti unashika za milimita. Pale kwenye sahani ya katikati unahitaji zote mbili kwa wakati mmoja, moja kila mkono. Kazi yangu ya semina niliiandika kuzunguka jambo hilo. Chasisi ni ya zama za Waingereza na mashirika ya umma. Bushi za tairi, ambazo mbili bado zipo, ni za miaka ya foleni na vocha. Injini ni ya ruksa. Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini, kwa hiyo hata serikali inajua kwamba hapo pamekutana watu wawili.

Starehe iliingia wapi? Kwa mjomba iliingia pale gari lilipoacha kuwa la kubebea viazi. Barabara zikawa nzuri, magari ya mzigo yakawa mengi na ya bei nafuu, 109 ikabaki bila kazi. Badala ya kuiuza akaanza kuichezea. Alitoa majani mawili ya springi aliyokuwa ameyaongeza kwa ajili ya magunia, maana springi ngumu kupita kiasi haikusaidii porini. Gari linarukaruka, tairi linakosa kugusa ardhi, na mshtuko wote unaihamia chasisi mpaka inapata nyufa. Akafunga mkonga, ule mrija wa hewa unaopanda pembeni ya kioo. Jina hilo tumezoea kuliita Land Cruiser Hardtop nzima, "mkonga", kwa sababu ya huo mrija. Watu wanadhani ni wa kuvukia mito tu, lakini faida yake ya kila siku ni vumbi: juu kule hewa ni safi zaidi, filta inadumu. Akarefusha na vile vipumulio vya difu kwa mpira, maana difu lenye joto likiingia mtoni linapoa ghafla na kunyonya maji kupitia sili. Tairi ni 7.50-16, kwa sababu na lori dogo linavaa hizohizo, kwa hiyo hakosi.

Njia ya majaribio ni ile ya Chimala kupanda Matamba, inayoitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Huko juu unaendelea mpaka Kitulo, bustani ya Mungu, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Kupanda unajua kama radieta ni nzima. Kushuka unajua kama wewe mwenyewe ni mzima: unavuta ile gia yenye kirungu chekundu, unaweka fowili nzito, unaiacha injini ishike gari, mguu wa breki unaupumzisha. Ngoma za breki zikipata moto kona ya kumi, bado 47. Na usiache njia ukaingia kwenye majani kule Kitulo. Yale ndiyo yaliyofanya iwe hifadhi.

Kwa wanaopenda kujua matunzo, hii ndiyo ibada ya mjomba baada ya kila safari ya matope. Kwanza maji mengi chini ya gari kabla udongo haujakauka, hasa ndani ya chasisi, kwa sababu tope lililolala humo ndilo linaloozesha. Pili unafungua nati ya difu na kuangalia oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, mwaga yote. Tatu kupiga grisi kwenye propela shafti mpaka ile ya zamani itoke. Nne kukaza boliti za U zinazoshika springi, zinalegea zenyewe. Tano, na hili analisema kila mara, kuandika. Ana daftari la tangu 1994: tarehe, kilomita, alichofungua, bei ya spea. Bei za spea peke yake, kuanzia 1994 mpaka leo, ni tasnifu ya uchumi kwa mtu mwenye nguvu.

Na sasa niwaambie kwa nini naandika haya leo na si mwezi ujao. Mwaka 2016, tarehe 29 Januari, Uingereza waliacha kutengeneza Land Rover Defender ya zamani, mrithi wa moja kwa moja wa lile gari la 1948. Kuanzia hapo bei za magari haya zimechangamka. Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, waandaaji wakatangaza kwamba zimekusanyika zaidi ya 1,000 kwenye msafara mmoja. Ni raha, na sisi wapenzi tulifurahi. Lakini wapo pia wanaozunguka kutafuta magari ya zamani ili wayarudishe "kama yalivyotoka kiwandani". Mmoja alifika kwa mjomba. Hela aliyotaja si ya mchezo, na mjomba ana watoto wawili sekondari. Sharti la huyo mnunuzi ni kwamba injini ya Toyota itatoka, mkonga utatoka, bushi zitatoka, itafungwa petroli ya lita 2.25 na kupakwa rangi ya kijani.

Nyumbani pana mjadala mkali. Shangazi anasema uza, gari halisomeshi watoto. Binamu yangu anasema rangi ya kijani itapendeza. Mjomba mwenyewe yuko katikati, na aliponiuliza, "Mama, wewe msomi unasemaje?" nilimjibu hivi. Uamuzi wa kuuza ni wako na ada ni ada, hakuna wa kukulaumu. Lakini tusidanganyane kwamba kulirudisha kiwandani ndiyo kuhifadhi historia yake. Lilikaa kiwandani siku chache. Limekaa kwetu karibu nusu karne. Ukitoa kila kitu kilichofungwa na mikono ya kwetu, utabaki na historia ya Solihull, Uingereza, ambayo tayari imeandikwa kwenye vitabu vizuri vyenye picha za rangi. Ya Mwanjelwa haijaandikwa popote isipokuwa kwenye lile daftari na kwenye ile sahani ya chuma.

Mjomba alinyamaza kidogo, akasema, "Basi daftari siuzi." Gari bado hajaamua. Mnunuzi amepewa mpaka mwisho wa mwezi, na mimi nimeomba ruhusa ya kupiga picha kila boliti kabla ya hapo, pamoja na kunakili daftari lote.

Wenye gari la kisasa mtaniambia hayo ni mambo ya wazee, siku hizi unachomeka kompyuta inakuambia kilichokufa. Ni kweli, na sina ugomvi na kompyuta. Ila kompyuta haitakuambia mwaka 1982 watu walifikaje Makete na dawa za hospitali. Anayejua ni mzee mmoja mwenye mikono myeusi anayekaa karibu na kwenu, na wazee hao wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo wadau wenzangu wa historia, na hata nyie wa kozi nyingine, likizo hii inayokuja kila mtu na fundi wake. Usiende na maswali ya kisomi, atakukimbia. Muulize: gari la kwanza kulifungua lilikuwa la nani? Spea ulipokosa ulifanyaje? Ulijifunza kwa nani? Kitu gani ulikibuni kikakubali, na kipi kilikataa? Miaka gani ilikuwa migumu zaidi? Andika majibu kwa maneno yake, na tarehe. Boom likitoka mnunulie soda na daftari jipya. Nami nitaleta picha za 109 nikirudi Mbeya, liwe limeuzwa au bado lipo.

Haya, nakimbilia maktaba kabla viti havijaisha. Alamsiki.